DANNY BOYLE HAJAWAHI KUFULIA, ALIKUWA ANASHUKA KWA MIGUU YAKE MWENYEWE

Mitandaoni kuna maneno mawili yanayokimbia kuliko trela ya muvi mpya: "kafulia" na "kachuja". Staa akionekana kwenye daladala, kafulia. Mwigizaji aliyezoeleka kwenye muvi kubwa akitokea kwenye tamthilia ya TV, kachuja. Dairekta aliyekuwa anashuti na makamera ya maana akipigwa picha mtaani ameshika kamera ndogo, hapo ndo kabisa, watu wanaanza kumpa pole kama kafiwa.

Sasa wadau, mchukueni huyu mzee wa Kiingereza anaitwa Danny Boyle. Hata kama jina halijakukaa kichwani, kazi zake unazijua. Ile muvi ya kijana wa mitaa ya Mumbai anayeshiriki shindano la maswali kwenye TV, Slumdog Millionaire, ni yake. Ile ya jamaa anaamka hospitali anakuta London nzima haina mtu, 28 Days Later, ni yake. Ule usiku wa ufunguzi wa Olimpiki London 2012, Malkia Elizabeth akaonekana kama anaruka na mwamvuli kutoka kwenye helikopta pamoja na James Bond, aliyepanga yote yale ni yeye.

Na huyo huyo, kwa hesabu za mitandaoni, alishafulia kama mara tatu hivi.

Ukweli ni kwamba hakufulia hata mara moja. Alichokuwa anafanya ni kitu ambacho mastaa wengi wanaogopa kuliko njaa: alikuwa anashuka mwenyewe, kwa hiari yake, anaenda kufanya kazi ndogo, anajifunza upya, halafu anarudi na mzigo ambao hakuna aliyeutegemea. Tena kila alipolazimisha kukaa juu kwa nguvu ndo aliharibu, na mara moja iligharimu urafiki.

ALIANZIA WAPI?

Boyle alizaliwa mwaka 1956 Radcliffe, mji mdogo jirani na Manchester, kwenye familia ya wafanyakazi wa kawaida yenye asili ya Ireland. Wakatoliki wa kweli kweli. Miaka kibao alikuwa mtumishi wa altare, na mama yake alitamani awe padri. Alipofika miaka 14 alikuwa mguu ndani mguu nje kuingia seminari, padri mmoja ndo akamshauri asiende. Akapotelea kwenye maigizo. Chuo alisomea Kiingereza na sanaa za maonyesho kule Bangor, Wales.

Hakuanzia kwenye muvi. Alianzia jukwaani. Mwaka 1982 aliingia Royal Court, jumba la maigizo la London ambalo sifa yake ni kuwapa nafasi waandishi wapya. Hakupewa ukumbi mkubwa. Alipewa kile cha juu, kidogo, ambacho mtu akikohoa siti ya nyuma mwigizaji anamsikia. Miaka michache baadaye akapanda mpaka naibu mkurugenzi wa jumba zima.

Mtu wa siku hizi angesema hapo tayari keshatoboa, akae atulie ale maisha. Jamaa mwaka 1987 akahamia BBC ya Ireland Kaskazini, kipindi ambacho Belfast ilikuwa ni mabomu na risasi. Kule alikuwa mtayarishaji. Moja ya kazi alizotayarisha ni Elephant ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Alan Clarke. Muvi fupi ya TV, ndani yake kuna mauaji 18, maneno karibu hakuna, hakuna anayekueleza nani mbaya nani mzuri. Ni mtu anatembea, anafika, anaua, anaondoka. Kamera inamfuata tu.

Baada ya hapo akaongoza vipindi viwili vya Inspector Morse, tamthilia ya mpelelezi iliyopendwa sana na wazee wa Uingereza. Mwaka 1993 akafanya Mr. Wroe's Virgins, ya BBC pia. Kwa hiyo mpaka anafikisha miaka 36, huyu mtu hakuwa na muvi hata moja ya kwenye majumba ya sinema. Miaka 36! Kuna vijana wa miaka 23 wanalia usiku eti umri umeenda.

MUVI YA KWANZA, WAKAUZA MPAKA VIFAA

Shallow Grave ilitoka 1994. Washkaji watatu wamepanga nyumba moja Edinburgh, mpangaji mpya anakutwa amekufa chumbani na begi la hela. Bajeti ilikuwa kama paundi milioni 1, ambayo kwa muvi ni hela ya chai. Sehemu kubwa ya hela ilitoka Channel 4, ambacho ni kituo cha TV. Shikilia hapo, tutarudi.

Hela iliwaishia mpaka ikabidi wapige mnada vitu vya kwenye seti ili wapate filamu ya kuweka kwenye kamera. Lakini muvi ikabamba, ikabeba BAFTA ya muvi bora ya Uingereza.

Hapo ndo ikazaliwa timu. Mwandishi John Hodge, ambaye ni daktari wa binadamu. Mtayarishaji Andrew Macdonald. Mwigizaji kijana kutoka Scotland, Ewan McGregor. Na Boyle. Watu wanne hao hao mwaka 1996 wakatoa Trainspotting, story ya mateja wa Edinburgh, na dunia ikasimama. Bajeti haikufika hata paundi milioni 2. Muziki wa Underworld, mwendo wa haraka, kicheko na kinyaa ndani ya sini moja. Vyumba vya wanafunzi Ulaya nzima vilijaa mabango yake.

Hollywood wakapiga simu. Wakampa nafasi ya kuongoza Alien ya nne. Akakataa. Mpaka hapo kila kitu safi.

THE BEACH: HAPA NDO ALIPOHARIBU

Baada ya Trainspotting wakafanya A Life Less Ordinary, 1997, Ewan akiwa na Cameron Diaz. Ikabuma. Sawa, kubuma kupo.

Kilichofuata ni The Beach, iliyotoka mwaka 2000. Bajeti inakadiriwa dola milioni 50. Lokesheni Thailand. Story imetoka kwenye riwaya ya kijana mmoja anaitwa Alex Garland. Ewan aliamini nafasi kuu ni yake, maana ndo mtu wao tangu siku ya kwanza. Lakini kwa hela ile studio walitaka jina kubwa, na Leonardo DiCaprio alikuwa ndo kwanza ametoka Titanic. Ewan akapigwa chini.

Kwa miaka mingi watu hawa wawili hawakuongea. Na siyo bifu la kutafutia kiki. Ni mtu aliyeumia kweli. Boyle mwenyewe alishakiri hadharani kwamba jambo lile walilibeba vibaya, na kwamba alimwomba Ewan msamaha.

Halafu je, muvi ilikuwa kali kiasi hicho? Hapana. Hela ilirudi, DiCaprio anauza, lakini wachambuzi waliichana vipande. Kule Thailand kukawa na kesi kwa sababu ya jinsi walivyochezea ufukwe wa Maya Bay ili ufanane na walichotaka kwenye kamera. Lundo la watu, lundo la magari, na dairekta ambaye nguvu yake yote ni kukimbia na kamera ndani ya chumba kidogo, leo kawa kama mkuu wa kambi ya jeshi. Ukiangalia The Beach leo unaona picha nzuri za bahari na muvi isiyojua inataka nini.

Kama mitandao ingekuwepo mwaka ule kama ilivyo sasa, maoni yangekuwa mafupi: kachuja.

AKARUDI KWENYE TV, TENA NA KAMERA ZA KAWAIDA

Hapa sasa ndo penyewe. Mtu aliyetoka kuongoza muvi ya dola milioni 50 na DiCaprio, mwaka uliofuata alikuwa wapi? Manchester, nyumbani kwao, anashuti muvi mbili ndogo za BBC na kamera za kidijitali. Moja inaitwa Strumpet. Nyingine ina jina refu la kuchekesha, Vacuuming Completely Nude in Paradise, inamhusu muuza mashine za kufagilia kapeti anayegonga mlango kwa mlango huku anaongea kama kamwagiwa maji ya moto. Zote zilitoka 2001.

Muvi hizi watu wengi hata hawazijui. Ila angalia alichookota pale.

Cha kwanza, aliokota mpiga picha. Anaitwa Anthony Dod Mantle, mtu aliyekuwa ameshazoea kushuti muvi kwa vikamera vidogo ambavyo wenzake walikuwa wanavidharau. Cha pili, aliokota namna ya kufanya kazi: watu wachache, kamera nyepesi, unashuti haraka, mwigizaji anasahau kama kuna kamera.

Mwaka 2002 ikaja 28 Days Later. Aliyeandika ni nani? Alex Garland, yule yule mwenye riwaya ya The Beach. Yaani kwenye muvi iliyomvunjia heshima Boyle aliondoka na rafiki. Ndani akaweka Cillian Murphy, wakati huo karibu hakuna aliyemjua nje ya Ireland. Leo Cillian ana Oscar ya Oppenheimer kabatini.

Zile sini za London tupu siyo ujanja wa kompyuta peke yake. Walikuwa wanafika alfajiri, jua linachomoza, wanaomba magari yasimame dakika chache, wanashuti, wanakusanya vitu wanasepa. Kwa kamera kubwa za sinema isingewezekana, maana mpaka uzifunge na kuzipanga magari yameshapiga honi mpaka yamechoka. Walitumia Canon XL1, kamera ambayo siku zile hata mtu wa kushuti harusi aliweza kuimiliki. Picha ina chenga chenga, na zile chenga ndo zinatisha. Muvi ya kama dola milioni 8 ikaingiza zaidi ya milioni 80, na zombi wanaokimbia badala ya kuburuza miguu wakawa fasheni dunia nzima.

Hiyo ndo faida ya "kufulia".

MUMBAI NA ILE OSCAR

Slumdog Millionaire ilitoka 2008 kwa bajeti ya kama dola milioni 15. Boyle hakwenda India na jeshi lile la Thailand. Alikwenda na watu wachache, akafanya kazi na Wahindi wenyewe. Loveleen Tandan, aliyeanza kama mtafuta waigizaji, ndiye aliyesema watoto wadogo waongee Kihindi badala ya Kiingereza, na alikuwa sahihi mpaka akaandikwa kama dairekta mwenza upande wa India. Kijana wa kucheza Jamal hakupatikana Bollywood, kule waigizaji walikuwa wameshiba mazoezi sana. Binti yake Boyle ndo alimwambia baba amwangalie Dev Patel kwenye tamthilia ya vijana inaitwa Skins. TV tena hiyo.

Na muvi hii nusura ife. Kampuni iliyokuwa iisambaze Marekani ilifungwa, kukawa na maneno kwamba itapelekwa moja kwa moja kwenye DVD. Fox Searchlight wakaiokoa. Februari 2009 ikabeba Oscar 8, ikiwemo muvi bora na dairekta bora. Boyle alipanda jukwaani akarukaruka kama mtoto, maana aliwaahidi wanawe siku akishinda atarukaruka kama Tigger wa kwenye katuni. Oscar ya mpiga picha bora nani aliibeba? Anthony Dod Mantle. Yule wa vikamera vya Manchester. Miaka 8 tu baada ya muvi ya muuza mashine za kufagilia.

Haki isemwe pia. Slumdog ilipigwa mawe India. Wapo waliosema Mzungu kaja kuuza umaskini wao, wapo waliochukia neno "mbwa" kwenye jina. Watoto wawili waliocheza humo walitoka kwenye vibanda vya kweli, na baada ya sherehe za Hollywood walirudi huko huko, nyumba zao zikabomolewa mwaka huo huo. Waliotengeneza muvi walianzisha mfuko wa kuwasomesha na kuwatafutia makazi. Wengine wanasema walitimiza wajibu, wengine wanasema ilikuwa kidogo ukilinganisha na mamia ya mamilioni ya dola yaliyoingia. Mjadala huo haujaisha na haupaswi kufunikwa kwa sababu ya Oscar.

OSCAR MKONONI, AKARUDI JUKWAANI

Mtu mwenye Oscar ya dairekta bora anaweza kuomba chochote. Boyle akafanya 127 Hours, muvi ya mtu mmoja aliyebanwa mkono na jiwe, halafu mwaka 2011 akarudi kwenye maigizo ya jukwaani. National Theatre, London, igizo la Frankenstein. Akawachukua Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller, huyu wa pili ni yule Sick Boy wa Trainspotting, akawaambia wabadilishane: leo wewe ni zimwi na mimi ni daktari aliyeliumba, kesho kinyume. Wote wawili wakagawana tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora. Igizo lilirushwa mpaka kwenye majumba ya sinema nchi nyingi. Muziki uliandaliwa na Underworld, wale wale wa mwaka 1996.

Halafu Olimpiki. Angalia alivyopanga timu ya tarehe 27 Julai 2012. Mwandishi alikuwa Frank Cottrell-Boyce, waliyefanya naye Millions mwaka 2004, muvi ya watoto ambayo haikutikisa mji. Muziki, Underworld. Wabunifu, wale wa Frankenstein. Akaongeza maelfu ya watu wa kawaida waliojitolea, wakiwemo manesi na madaktari wa kweli wa hospitali za serikali, wakacheza mbele ya dunia wakiwa na vitanda vya wagonjwa. Aliwaomba kitu kimoja: msitoe siri. Walifanya mazoezi miezi kwenye mvua na siri haikuvuja. Kwa dunia hii ya kurekodi kila kitu, hilo peke yake ni muujiza.

Baada ya pale akapewa nafasi ya kuitwa Sir. Akakataa. Alisema anapenda kubaki raia sawa na wengine. Watu wakashangaa, lakini ukifuatilia alikotoka huwezi kushangaa.

BOND: MTIHANI ULE ULE, JIBU TOFAUTI

Mwaka 2018 ukaja mtihani mkubwa. Boyle alitangazwa kuongoza Bond ya 25, na aliyekuwa anaandika ni John Hodge, yule daktari wa Shallow Grave. Kwa dairekta wa Uingereza, Bond ni kama kukabidhiwa timu ya taifa. Agosti mwaka ule ikatangazwa amejitoa, kwa kile walichokiita tofauti za kisanii. Baadaye ikajulikana: wakubwa hawakuikubali skripti ya Hodge, walitaka njia nyingine. Boyle akasema yeye anafanya kazi pamoja na waandishi wake, akaondoka naye.

Mitandaoni siku ile ilikuwa ni kicheko. Kapoteza dili la maisha. Muvi yake ya Steve Jobs ya 2015 ilikuwa imebuma kwenye mauzo, sasa na Bond imemponyoka. Kafulia, andika umelala.

Lakini weka mambo haya mawili sambamba. Mwishoni mwa miaka ya 90, studio yenye hela ilimwambia achague: mshkaji wake au muvi kubwa. Akachagua muvi, akapoteza mshkaji, na muvi yenyewe ikawa ya kawaida. Mwaka 2018 akaulizwa swali lile lile na watu wenye hela zaidi. Safari hii akachagua mshkaji. Mtu akikuuliza kukua ni nini, mwonyeshe hilo. Na siyo bahati mbaya kwamba katikati ya miaka hiyo Boyle na Ewan walikuwa wamepatana, wakarudi wote Edinburgh kufanya T2 Trainspotting iliyotoka 2017, wazee wa makamo wanaohesabiana walivyosalitiana. Ukijua historia yao, kuna sehemu kwenye ile muvi huwezi kucheka.

Baada ya Bond akafanya nini? Yesterday, muvi ya kijana anayeamka anakuta dunia imewasahau Beatles. Halafu tamthilia ya TV, Pistol, 2022. Halafu 2023 akarudi Manchester kwenye ukumbi mpya wa Aviva Studios, akatengeneza onyesho la dansi ya hip hop lililotokana na The Matrix, akishirikiana na Kenrick Sandy, mtunzi wa dansi aliyekuwa naye kwenye Olimpiki. Dairekta wa miaka 66 mwenye Oscar, anakaa na vijana wa dansi. Na 2025 akaja na 28 Years Later: mwandishi Garland, mpiga picha Dod Mantle, na sehemu za muvi zimeshutiwa na iPhone, kuna sini zimefungwa simu 20 kwa mpigo. Bajeti milioni 60, ikaingiza zaidi ya milioni 150.

Simu, mdau. Wakati wewe unasubiri upate kamera ndo uanze.

WANAOPINGA WANA HOJA, WASIKILIZWE

Kuna watakaosema: rahisi kwake kushuka, ana jina, ana hela, akianguka anaangukia godoro. Hiyo ni kweli. Hakuna haja ya kudanganyana kwamba mtoto wa mtaani asiye na kitu na Danny Boyle wako sawa.

Lakini ulizeni godoro lile lilitoka wapi. Siyo la urithi. Huyu ni mtoto wa familia ya wafanyakazi. Godoro lilikuwa BBC, chombo ambacho Waingereza wanakilipia kwa ada ya TV. Lilikuwa Channel 4, waliotoa hela za Shallow Grave na Trainspotting, na kitengo chao cha filamu kikawemo tena kwenye Slumdog. Lilikuwa Royal Court na National Theatre, majumba yanayopata ruzuku. Yaani nchi iliweka sehemu ambazo mtu anaweza kwenda kufanya kazi ndogo, akakosea, akajifunza, asife njaa. Ukitaka kina Boyle wengi, hapo ndo pa kupigia kelele, siyo kwenye nani kanunua gari gani.

Pia wapo watakaosema alijishusha ili aonekane mnyenyekevu, ni picha tu. Inawezekana kila mtu ana picha yake. Ila hakuna anayefanya muvi ya muuza mashine za kufagilia kwa ajili ya sifa. Sifa hazikuwepo pale. Kulikuwa na kazi.

KWA HIYO?

Tatizo la neno "kafulia" ni kwamba linawatisha watu waliokaribia kujifunza. Dairekta kijana muvi yake ya pili ikibuma, anaogopa kurudi kushuti vipindi vya TV kwa sababu watu watamcheka. Mwigizaji aliyezoea bango kubwa anakataa igizo la jukwaani la watu 80. Matokeo yake wanakaa ndani, wanaposti picha za zamani, wanasubiri simu ya dili kubwa. Simu haiji, na kipaji kinapata kutu.

Boyle angekaa Hollywood mwaka 2000 akisubiri DiCaprio mwingine, asingekutana na Dod Mantle. Bila Dod Mantle hakuna London tupu, hakuna kamera iliyokimbia vichochoroni Mumbai, pengine hakuna Oscar, na Olimpiki wangempa mtu mwingine. Vyote hivyo vilipita kwenye mlango mdogo wa muvi mbili za TV ambazo hata leo watu hawazijui.

Kwa hiyo siku ukimwona staa amerudi kwenye kazi ndogo, kabla hujaandika lile neno, angalia vitu viwili: anajifunza nini pale, na yuko na nani. Kama jibu la yote mawili ni zuri, kaa kimya usubiri kidogo. Kuna mzigo unakuja.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Boyle alikosea kuiacha Bond au alifanya poa? Na je, Ewan alipaswa kumsamehe? Fungukeni hapo chini, matusi hapana.